Lisemwalo Lipo: Pango la Shimoni na Masimulizi Yake Matatu

Utangulizi

Mapango ya pwani ya Afrika Mashariki yameingiwa na watu wa kila aina: wavuvi, waganga, wakimbizi, wanaakiolojia na watalii. Kila kundi limeingia na haja yake na kutoka na hadithi yake. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamechelewa kufika. Ngano, methali, vitendawili na tenzi zimekusanywa na kuhakikiwa kwa miaka mingi, lakini masimulizi yaliyofungamana na mahali, yaani yale ambayo fanani hawezi kuyatoa kikamilifu bila kunyoosha kidole na kusema "ni hapa", yameachiwa wanahistoria na waongozaji wa wageni. Matokeo yake ni kwamba swali moja tu ndilo linaloulizwa kuyahusu: je, ni ya kweli?

Makala haya yanalichunguza pango la Shimoni, katika pwani ya kusini ya Kenya, pamoja na masimulizi matatu yanayohusishwa nalo: pango kama maficho, pango kama mzimu, na pango kama gereza la watumwa. Hoja kuu ni kwamba swali la ukweli, ingawa ni la lazima, halitoshi. Simulizi la mahali lina mambo mawili ya kupimwa. La kwanza ni tukio linalodaiwa kutokea. La pili ni yale ambayo simulizi linawaruhusu watu kuyasema, na yale ambayo linawasaidia kuyanyamazia. Mhakiki anayepima la kwanza pekee atalitupa simulizi lisilo na hati. Anayepima la pili pekee ataishia kudai kwamba kila kitu ni hadithi, hata mateso ya watu walioteseka kweli. Njia inayopendekezwa hapa inapita kati ya makosa hayo mawili.

Mahali na Jina

Shimoni ni kijiji kilicho kwenye ncha ya rasi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 75 kusini mwa Mombasa, mkabala na kisiwa cha Wasini. Mwamba wake ni wa matumbawe ya kale yaliyojengeka baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa juu zaidi kuliko sasa. Bahari ilipopungua matumbawe hayo yaliachwa nchi kavu, na maji ya mvua, yakichukua hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, yakaanza kuimumunya chokaa yake kidogo kidogo. Hivyo ndivyo mapango mengi ya mwambao huu yalivyofanyika: si kwa mawimbi peke yake, bali pia kwa mvua iliyotonatona kwa maelfu ya miaka. Ndani yake huning'inia mawe yaliyoachwa na matone hayo, na popo hukaa kwa wingi.

Matumizi ya mapango ya pwani ni ya kale mno. Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, wanaakiolojia walifukua kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2021. Huko Jambiani, Unguja, pango la Kuumbi lilichimbwa na Felix Chami mwaka 2005, na watafiti wengine wakafuata. Mapango hayo mawili yalikuwa na maana ya ibada kwa wenyeji muda mrefu kabla ya watafiti kuwasili na vifaa vyao. Kwa hiyo inapodaiwa kwamba pango fulani "liligunduliwa" mwaka fulani, swali la kwanza la mhakiki linapaswa kuwa: liligunduliwa na nani, na nani aliyekuwa akilijua kabla yake?

Jina la Shimoni lenyewe ni simulizi fupi kuliko yote. Ni neno shimo likiwa na kiambishi cha mahali, -ni. Aliyepaita hivyo hakusema "pangoni". Tofauti si ndogo. Pango ni mahali pa kuingilia na pa kukaa. Mtu hulala pangoni, hujisitiri pangoni. Shimo ni mahali pa kutumbukia, na pia pa kutia kitu ili kisionekane. Jina halisemi lolote kuhusu utumwa, wala halisemi lolote kuhusu mizimu. Linasema tu kwamba hapa pana uwazi chini ya miguu. Lakini jina la namna hiyo huacha nafasi, na kila kizazi kimelijaza shimo hilo kwa hofu yake.

Wakazi wa sehemu hizi ni Wachifundi, Wavumba, Wadigo na Wasegeju, watu walioishi kwa kuoana, kugombana na kupatana kwa karne kadhaa. Historia ya Vumba iliandikwa kwa muhtasari na A. C. Hollis na kuchapishwa mwaka 1900. Ni historia ya watawala na nasaba zao. Ndivyo zilivyo habari nyingi za miji ya pwani: hueleza nani alimzaa nani na nani alitawala baada ya nani. Mapango hayana nasaba. Habari zake zimehifadhiwa katika mkondo mwingine wa masimulizi, ule usiohitaji idhini ya jumbe wala diwani.

Simulizi la Kwanza: Maficho

Katika simulizi la kwanza, pango ni mahali pa kuokokea. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wamasai yalifika mara kwa mara katika pwani ya kusini, na kumbukumbu zake zimebaki katika mapokeo ya Wadigo na ya Waswahili wa Vumba na Chifundi. Wenyeji husimulia kwamba adui alipotokea, wanawake, watoto na wazee waliingia pangoni na kunyamaza kimya hadi hatari ilipopita.

Kifani, simulizi hili lina sifa za kisakale: linataja mahali panapojulikana, adui anayejulikana na wakati unaokisiwa kwa vizazi badala ya miaka. Fanani wake ni mzee wa kijiji, na hadhira yake ni watoto wa kijiji hicho hicho. Kiini chake ni kimya. Pango halimwokoi mtu kwa nguvu yoyote ya ajabu. Linamwokoa kwa kuwa yeye mwenyewe ameweza kujizuia asitoe sauti. Funzo lake ni la jamii iliyozoea kuvamiwa: ajuaye ardhi yake anayo silaha ambayo mgeni hana. Ni simulizi la watu walio kwao.

Simulizi la Pili: Mzimu

Simulizi la pili halitolewi kwa mpangilio wa matukio. Linajulikana kwa yanayotendwa: ubani unaofukizwa, marashi ya mawaridi, kipande cha kitambaa chekundu au cheupe, chakula kidogo kilichoachwa katika kona ya mwamba. Neno mzimu katika Kiswahili lina maana mbili zisizoachana. Ni roho ya marehemu, na ni mahali ambapo roho hiyo huombwa na kutambikiwa. Lugha imekataa kumtenga anayekaa na mahali anapokaa. Kwa sababu hiyo, kusema kwamba pango "lina mzimu" na kusema kwamba pango "ni mzimu" ni kusema jambo moja kwa namna mbili.

Imani hii haiko Shimoni pekee. Katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga, chumba kimojawapo huitwa Mzimuni na kimepokea sadaka za wanaotafuta uzazi, afya na riziki. Huko huko husimuliwa habari za Wazungu wawili waliopotea ndani pamoja na mbwa wao. Watu hawakuonekana tena, lakini mbwa, kwa mujibu wa masimulizi, alitokea mbali sana, wengine wakisema Kilimanjaro na wengine wakisema Mombasa. Mnyama anayepita pale ambapo binadamu ameshindwa ni motifu maarufu katika fasihi simulizi, na kazi yake hapa ni kuonyesha kwamba pango lina upande wa pili. Mtu aliye hai haufikii. Huufikia mbwa, upepo na wafu.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili ameshakutana na jambo hili. Muhammed Said Abdulla aliiita riwaya yake ya upelelezi Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na maiti ya mwenye shamba inapokutwa mzimuni, wanakijiji wana maelezo yao tayari. Bwana Msa hayakubali. Kwake yeye, mzimu ni mahali ambapo mwuaji wa damu na nyama ameitumia hofu ya watu kufunika uovu wake. Riwaya hiyo imesifiwa kwa kuleta mantiki ya upelelezi katika nathari ya Kiswahili, na inastahili sifa hiyo. Hata hivyo inatoa pia somo lisilotajwa sana: mahali panapoogopwa ni mahali pazuri pa kuficha. Mwenye kosa hahitaji kuwa na imani ya mizimu. Anahitaji tu kujua kwamba majirani zake wanayo.

Somo hilo ndilo daraja la kuvukia kutoka simulizi la pili hadi la tatu.

Simulizi la Tatu: Gereza

Mgeni anayefika Shimoni leo husimuliwa hasa simulizi la tatu. Hushushwa kwa ngazi, huonyeshwa vyuma ukutani, na huambiwa kwamba watumwa waliotoka bara walifungiwa hapa wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja na kwingineko. Pango linasimamiwa na kamati ya wanakijiji inayotoza ada ya kiingilio, na mapato hutumika kwa mahitaji ya kijiji. Jengo la zamani la utawala wa Waingereza, lililo karibu, limegeuzwa kuwa makumbusho ya utumwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwimbaji Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936, aliimba wimbo kuhusu Shimoni na mateso ya watumwa, na wimbo huo ukalifikisha jina la kijiji mbali kuliko kitabu chochote cha historia.

Wasomi wamelichunguza simulizi hili kwa makini. Herman Kiriama aliandika tasnifu kuhusu mapango haya na suala la kumbukumbu na urithi, iliyokamilika mwaka 2009. Mwaka 2010 Stephanie Wynne-Jones na Martin Walsh walichapisha makala wakionyesha jinsi habari ya utumwa ilivyokua pamoja na utalii na kuyafunika masimulizi mengine ya wenyeji. Hoja yao ni nzito. Watalii walikuwa wakifika Shimoni tangu zamani kwa ajili ya uvuvi na mbuga ya bahari ya Kisite iliyoanzishwa miaka ya 1970. Pia ulimwengu ulikuwa umeanza kuwa na picha moja ya jinsi mahali pa utumwa panavyopaswa kuwa: chumba chenye giza, minyororo, na mlango unaotazama bahari. Picha hiyo ilitoka Afrika Magharibi, hasa Nyumba ya Watumwa ya kisiwa cha Gorée nchini Senegal, na ilipata nguvu zaidi baada ya UNESCO kuanzisha mradi wake wa Njia ya Watumwa mwaka 1994. Mgeni alifika Shimoni akiwa na picha hiyo kichwani, na fanani yeyote mwerevu huijua hadhira yake.

Je, yatosha kusema basi kwamba simulizi la tatu ni la kubuni? Hapa historia ya sheria inapaswa kusikilizwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeharibu mashamba ya mikarafuu ya Unguja, na bei ya karafuu ikaongeza thamani ya mashamba ya Pemba. Haja ya vibarua wasiolipwa iliongezeka wakati ule ule sheria ilipowazuia kuvushwa. Biashara haikukoma. Ilihamia nchi kavu: misafara ilipanda kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kwa kufuata pwani, na watu wakavushwa kwa siri, usiku, kutoka bara hadi Pemba. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu pia. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907.

Pemba iko mkabala na pwani hii. Kabla ya 1873 mfanyabiashara wa watumwa hakuwa na sababu ya kujificha, kwa kuwa alikuwa na soko la wazi. Baada ya 1873 alihitaji mahali pa kuficha, karibu na maji, palipoogopwa na watu. Hayo hayathibitishi kwamba vyuma vya Shimoni vilifunga miguu ya mtu. Yanathibitisha jambo dogo zaidi lakini la msingi: simulizi la tatu haliko nje ya historia ya eneo lake. Limekaa pale ambapo historia ilikuwa tayari imeacha nafasi.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kuonya dhidi ya kupuuza uvumi. Lakini nusu yake ya pili inaeleza vizuri zaidi yaliyotokea Shimoni. Lililosemwa limekuja: limejenga ngazi, limeweka kamati, limefungua makumbusho.

Mangapwani: Mapango Mawili na Majina Yasiyolingana

Ili kuliona simulizi la Shimoni kwa jicho la kulinganisha, inafaa kuvuka hadi Mangapwani, kwenye ufuko wa magharibi wa Unguja, yapata kilomita 20 kaskazini mwa Mji Mkongwe. Huko pana sehemu mbili zisizo mbali sana moja na nyingine. Ya kwanza ni pango la asili la matumbawe lenye maji baridi chini. Ya pili ni chumba kilichochongwa na watu ndani ya mwamba na kuezekwa, ambacho husemwa kilijengwa ili kuficha watumwa baada ya mkataba wa 1873. Tofauti na Shimoni, hapa mkono wa binadamu unaonekana kwenye mwamba wenyewe.

Lenye mvuto zaidi kwa mwanafasihi, hata hivyo, ni simulizi la pango la asili. Inasemekana mvulana mtumwa alikuwa akichunga mbuzi wa bwana wake. Mbuzi mmoja akapotea. Mvulana akamtafuta, akasikia akilia chini ya ardhi, akaifuata sauti, na ndivyo pango na maji yake yalivyojulikana. Mnyama aliyepotea anayeongoza kwenye maji ni motifu inayopatikana katika ngano nyingi, na kwa kawaida mwisho wake ni kupanda cheo kwa aliyedharauliwa. Hapa mwisho huo haupo. Mvulana anapata maji, bwana anapata sifa. Zaidi ya hayo, simulizi limehifadhi jina la bwana pamoja na ukoo wake, huku mvulana akibaki "mvulana". Aliyesikia, aliyetafuta na aliyepata hana jina.

Kutolingana huku kwa majina si kosa la msimuliaji mmoja. Ni sheria ya fani nzima, na Shimoni inaifuata kwa namna yake.

Kauli ya Kutendwa

Katika umbo lake linalosikika zaidi, simulizi la tatu la Shimoni husimuliwa kwa kauli ya kutendwa. Watumwa waliletwa, walifungwa, walipigwa, walisafirishwa. Kiswahili kina njia rahisi ya kumtaja mtendaji katika kauli hii, kwa kutumia neno na: walifungwa na fulani. Lakini mara nyingi nafasi hiyo huachwa wazi, au hujazwa kwa neno moja pana, "Waarabu". Hakuna dalali, nahodha wala mlinzi wa mlangoni. Hakuna mnunuzi aliyeishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Na upande wa watumwa pia hakuna mhusika hata mmoja mwenye jina, kabila, mama au wimbo. Ngano ya sungura na fisi ina wahusika waliokamilika kuliko hawa.

Wanahistoria wameeleza hali iliyokuwa ngumu zaidi. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa 1977 kuhusu utumwa wa mashambani, ameonyesha jinsi mabwana wa pwani ya Kenya walivyokuwa Waarabu na Waswahili kwa pamoja, na jinsi utumwa ulivyoingiliana na udugu, dini na deni. Wakati wa njaa ya katikati ya miaka ya 1880 baadhi ya Wamijikenda waliwaweka jamaa zao rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na wengi wa hao waliowekwa hawakukombolewa. Fred Morton, katika kitabu chake cha 1990, amefuatilia watoro walioanzisha vijiji vyao wenyewe nyuma ya pwani, na wengine kujiunga na Mbaruk bin Rashid wa Gasi, ambaye vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896 vilipiganwa katika eneo hili hili.

Kwa hiyo waliotenda na waliotendwa waliishi pamoja, na vizukuu vyao wanaishi pamoja hadi leo. Wanasali msikiti mmoja, wanaozana, wanakaa katika kamati moja. Katika miji mingi ya pwani, kumtajia mtu asili ya utumwa ni tusi lisilosahaulika. Hapa ndipo maana ya simulizi la tatu inapojitokeza. Pango limewapa wanakijiji mahali pa kusema kwamba utumwa ulikuwepo, jambo ambalo halikuwa na mahali pa kusemewa sebuleni. Wakati huo huo, kauli ya kutendwa imewakinga wasiulizane ni nani aliyemtenda nani. Simulizi limefungua mdomo na kuufunga kwa pumzi moja.

Hali hii inaonekana vilevile katika fasihi andishi. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa 1934, ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili kuueleza utumwa kutokana na kumbukumbu za familia za walioachwa huru na kuwekwa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875. Wahakiki wamekilaumu, na kwa haki, kwa jinsi kinavyowatukuza Waingereza. Lakini kina kitu ambacho pango halina: watu wenye majina na familia, na njia waliyopita inayoweza kufuatwa. Iwapo Mbotela anamtukuza mkombozi kupita kiasi, angalau anamjua aliyekombolewa.

Fanani, Hadhira na Ada

Suala la ada ya kiingilio halipaswi kuonewa haya. Fanani wa fasihi simulizi hakuwahi kuimba bure. Manju alitunzwa, malenga alipewa kanzu, mganga aliwekewa fedha mkekani. Kwamba mwongozaji wa Shimoni analipwa hakumfanyi awe mwongo. Kinachobadilika ni hadhira. Simulizi la kwanza lilikuwa na hadhira itakayobaki kijijini na kulirithi. Simulizi la pili lilikuwa na hadhira inayojumuisha wafu. Simulizi la tatu lina hadhira inayoondoka jioni. Hadhira inayoondoka haimsahihishi fanani, haimwongezei kisa, wala haimwambii "babu yangu alisema vingine". Simulizi linakomaa haraka, kisha linaganda.

Hasara ya pili ni ya nafasi. Ubani na vyuma haviwezi kukaa katika ziara ya nusu saa bila kimoja kukidogosha kingine. Mgeni akiambiwa kwamba pango ni mahali pa mateso, sadaka iliyo kwenye kona humwonekea kama ushirikina uliobaki kwa bahati mbaya. Akiambiwa kwamba pango ni mzimu, huanza kuvitilia shaka vyuma. Mwongozaji huchagua, na chaguo lake linaeleweka. Lakini kila anapochagua, simulizi la kwanza na la pili hukosa siku moja ya kusikika, na masimulizi yasiyosikika hayana maktaba ya kuyatunza. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 kutokana na thamani yake ya kiibada na kijamii. Mapango ya tambiko yaliyo nje ya kaya hayana ulinzi wa namna hiyo. Yanalindwa na wazee wanaoyajua, na wazee hao wanapungua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pango la Shimoni lina masimulizi matatu yanayotofautiana kwa fanani, hadhira, kauli na kusudi, na kwamba hakuna mojawapo linaloweza kupimwa kwa hati peke yake. Simulizi la utumwa limepata nguvu yake karibuni na kwa msaada wa utalii, hilo halipingiki. Lakini linaelekeza kwenye biashara iliyofanyika kweli katika mwambao huu, iliyolazimishwa kujificha na sheria za 1873 na 1876, na kuwafikisha watu Pemba gizani. Kulikataa kwa kuwa halina hati ni kuwadai ushahidi watu ambao hawakuruhusiwa kuandika. Kulikubali lilivyo, nalo, ni kuridhika na watumwa wasio na majina na mabwana wasio na nyuso.

Kazi iliyobaki ni ya ukusanyaji, na ni ya haraka. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda Shimoni, Wasini, Vanga au Mangapwani asitosheke na maelezo ya mlangoni. Aulize maficho yalitumiwa na nani, na lugha gani ilinong'onwa humo. Aulize tambiko lilifanywa kwa ajili ya wafu gani, na kama miongoni mwao wamo waliofia njiani bila kuzikwa na jamaa. Aulize habari za mtoro, yule ambaye kwake pango lingeweza kuwa gereza usiku mmoja na maficho usiku wa pili, kwa sababu ndani yake masimulizi matatu yanakutana. Na anaposikiliza, ayanukuu maneno kwa kauli yaliyotolewa nayo, akiitia alama kila kauli ya kutendwa iliyokosa mtendaji. Nafasi hizo tupu ndizo ambazo historia ya mwambao huu haijaziandika bado.